Nilifungia Ruta Sandukuni, Mdogo Wangu Akakosa Usaili

Kwaa. Mlio wa mfuniko wa sanduku la bati bado ninao masikioni. Niliushusha kwa mkono wangu mwenyewe, sikutumwa na mtu. Kosa ni langu, na hasira ninayojionea haijapoa.

Kwetu ni Newala. Aliyeishi huku juu anajua shida ya maji: kisima cha maji ya mvua usipokitia kufuli, majirani wanachota mpaka unabaki na tope. Basi tulipofungiwa waifai, nikaona watu wamejipanga nyuma ya ukuta wetu na simu zao. Nikajua haya nayo ni maji, yataisha. Na mimi nina ndoto zangu, nataka kurekodi video za mapishi nijulikane mpaka Dar.

Nikaichukua ruta, nikaitumbukiza kwenye lile sanduku la bati la nguo chini ya kitanda changu, waya nikaupitisha pembeni. Pale kitandani simu yangu ilishika. Nikaridhika, wala sikumwambia mtu.

Mdogo wangu Somoe alikuwa na usaili wa video, nafasi ya kusomeshwa ukunga bure. Alikaa sebuleni, upande wa pili wa nyumba, kavaa gauni lake la Idi. Mimi niko jikoni namsikia.

"Shikamooni. Mnanisikia?"

Akapaza sauti.

"Shikamooni. Mnanisikia sasa?"

Aliamkia mara tano, jamani. Hakuna aliyemwitikia, na ya sita mtandao ukakatika kabisa. Mimi nikatoka na mwiko mkononi, naitukana kampuni ya mtandao.

Kesho yake Somoe akiwa shambani Mkunya, fundi wa mtandao akaja. Nilipofunua sanduku alicheka mpaka akakaa chini.

"Dada, umeizika ikiwa hai?"

"Nimeificha. Wale wa ukutani wanatumaliza."

"Nywila umempa nani?"

"Sijampa mtu."

"Basi hawaingii. Wale wanafuata kivuli cha ukuta wako tu."

Akaniambia bati linazuia mawimbi, ruta inataka katikati ya nyumba, juu, pawe wazi. Akaitundika sebuleni, mtandao ukashika mpaka jikoni. Nilimchukia kwa kile kicheko. Halafu nikamwomba asimwambie Somoe, na hapo ndipo ubaya wangu ulipo.

Maana jioni Somoe aliniambia, "Dada, naona ni lafudhi yangu. Wamesikia Kimakonde, wakakata."

Nikamjibu, "Labda."

Labda! Wiki nzima anajisemesha peke yake uani, ananyoosha ulimi usiokuwa na kosa lolote, na mimi namtazama. Hasira yangu yote iko kwenye hilo neno moja.

Juzi nilimwambia ukweli. Hajanisemesha tangu hapo, anapakua chakula changu na kukiweka mezani bila kuniita.

Wewe unayesoma, kama ruta umeifungia kabatini au umeibana nyuma ya friji, nenda kaitoe. Na kama umemharibia mtu, usimwache ajitafutie kosa kwenye ulimi wake. Mwambie siku hiyohiyo, kabla hajaamini.

Leo asubuhi, nyumba ikiwa tupu, nilipiga simu kwenye kile chuo cha ukunga. Akapokea mama mmoja. Nikamweleza yote, sanduku na ujinga wangu. Hakuniahidi kitu. Aliuliza tu jina kamili la mdogo wangu, nikamtajia polepole, herufi moja moja.