Nilipokea bukari ya mgonjwa aliyekuwa ameshafariki

Wakuu, habari za humu. Siku zote huwa nasoma tu nyuzi zenu, leo naandika wangu. Sitaongeza wala kupunguza, hata pale ninapoonekana mbaya mimi.

Mimi ni infirmière, nesi, hapa Lubumbashi. Kiswahili changu kikinuka Kifaransa mnivumilie, ndivyo tulivyo huku.

Wakati wa corona niliwekwa kwenye pavilion, ndiyo wodi, ya waliotengwa.

Kwetu mgonjwa halali hospitali peke yake. Ndugu anakaa kando ya kitanda, anamlisha, anamwosha. Corona ikakataza hilo. Familia zikabaki getini na sufuria zao, sisi manesi ndio wa kupokea na kuingiza.

Kulikuwa na mzee mmoja, mstaafu wa reli. Binti yake, Mireille, alitoka Kampemba kila siku saa sita na bukari, ndiyo ugali wetu.

Siku hiyo mzee alifariki saa nne asubuhi.

Sheria ya pale: habari ya kifo anaitoa daktari tu. Daktari mwenyewe mmoja, na alikuwa pavilion nyingine.

Saa sita, Mireille huyo getini.

"Mama infirmière, umuambie Papa nilitia na ndakala, yenye anapenda."

"Ntamuambia." Nikapokea sufuria ya bukari na ndakala, ndiyo dagaa wetu.

Hapo ndipo nilipokosea, wakuu. Ningeweza kumwambia amsubiri daktari. Niliogopa macho yake, basi.

Daktari alifika saa nane, akamkuta Mireille getini na kaka yake, akawaambia, akataja na saa ya kifo. Mireille akaomba sufuria yake. Nikaileta. Akafunua, bukari nzima, haijamegwa.

"Ulikamata chakula na ulijua ashakufa? Juu ya nini?"

Kaka yake hakungoja jibu. Aliinyakua ile sufuria akanipiga nayo usoni. Nilishonwa nyuzi tatu juu ya jicho. Watu getini wakapiga kelele kwamba tunaua watu, "Bale banaua bantu!"

Kumpiga nesi ni kosa, hilo sijadiliani na mtu. Wenzangu walipigwa bila hata kupokea sufuria ya mtu.

Lakini kwenye rapport, ripoti ya tukio, niliandika "nilishambuliwa na familia ya mgonjwa". Ya bukari niliyaruka.

Tangu hapo, ikikaribia saa sita, sijiamini tena, sindano nampa mwenzangu achome yeye. Chef wetu, ndiye mkuu wa manesi, akasema nitazoea. Sikuzoea.

Wiki chache mbele akafariki mwingine, daktari hayupo tena. Mkewe akaja na chakula. Nilitamani kukimbia, lakini nikamwambia:

"Mama, chakula sitakamata. Papa alituacha."

Nikafumba macho nikisubiri kupigwa.

Alikaa chini, akalia sana. Kisha akanisogezea sufuria.

"Kamata tu, mukule benye muko na kazi. Siwezi rudia nayo ku nyumba."

Tulikula. Siku ya pili nikapewa onyo la maandishi kwa kuvunja sheria. Ninalo mpaka leo, na sijutii.

Nilichojifunza: mtu aambiwe habari yake mapema, hata kama atakupiga. Na hospitali ziweke walinzi getini, sisi hatukusomea ngumi.

Manesi, na ninyi mliowahi kusimama getini na sufuria, leteni yenu. Wa kunitukana pia karibuni, ngozi imeshakuwa ngumu.

Na Mireille, kama unapita humu: ya ndakala sikumwambia Papa. Alikuwa ameshaondoka. Nisamehe.