Siku Niliyopima Watoto kwa Mzani wa Maharage

Aibu hii nilikuwa nimeamua kufa nayo, na ningekufa nayo kweli kama akina mama wa hapa Sofu, Kibaha, wasingeanza kuisimulia wenyewe tena kwa kuitia chumvi, eti nilikimbizwa na mapanga, eti nilikutwa juu ya mkorosho. Sikupanda mti wowote. Bora niiseme mwenyewe ilivyokuwa, mkicheka chekeni, ila mjue mpaka leo nina hasira, na nusu ya hasira hiyo najikasirikia mwenyewe.

Mimi ni mhudumu wa jamii na familia kanisani kwetu. Jina ni refu, kazi yenyewe ni kutembea: nyumba hii wamegombana, nyumba ile mama kajifungua hana mtu wa kumchemshia maji, kule mjane hajala. Natembea na mwanangu Eliya mgongoni maana sina wa kumwachia. Na jirani yangu hapo Sofu alikuwa Saida, binti mdogo, mumewe utingo wa lori, mtoto wao Hamisi umri sawa na Eliya wangu. Tofauti ni kwamba Eliya ukimbeba kidogo mkono unaomba msaada, Hamisi ukimbeba unaangalia chini kuhakikisha kama bado umemshika. Daktari alisema moyo wake una tundu. Nikahangaika na ile rufaa (nyie mnajua kuhangaika na rufaa?), kanisa likasaidia, mpaka tukapata nafasi Alhamisi kwenye hospitali kubwa ya Dar. Tukiikosa, tunarudi mwisho wa foleni, na mtoto yule hakuwa mtoto wa kurudishwa mwisho wa foleni.

Basi wiki hiyohiyo Saida akatoweka. Simu haipatikani, mlango una kufuli. Majirani wakaniambia mama mkwe wake kamchukua yeye na mtoto, wako Mzenga, Kisarawe huko, na hospitali haendi mtu.

Jumanne asubuhi nikamwambia katibu wa kamati yetu ya huduma kwamba naenda Mzenga. Akanitazama fulana yangu, ile ya zambarau yenye msalaba kifuani na jina la kanisa mgongoni, akasema, "Mama Eliya, kule ni Waislamu watupu. Ukienda na fulana hiyo hawakufungulii mlango. Tumia akili." Na mimi niliyekulia Sofu, ninayekula pilau la Idi kwa majirani tangu sijaota meno, nikaitikia kwa kichwa kama mjusi.

Sasa kuna jambo la mzani, lisikilizeni vizuri. Asubuhi hiyo tulikuwa tunagawa maharage ya wajane kwa mzani wetu wa kuning'iniza, ule wenye ndoano na uso wa duara kama wa kliniki ya watoto, na mimi nilishasema siku nyingi kwamba mzani ule unaongeza. Unaweka maharage ya kilo mbili, wenyewe unasoma karibu tatu. Nikamwambia katibu mbele za watu kwamba tunawaibia wajane ndani ya nyumba ya Mungu, nikaung'oa mzani, nikautia kwenye mkoba nimpelekee fundi Mlandizi nikiwa njiani. Fundi hakuwepo. Nikapanda bodaboda kwenda Mzenga, mtoto mgongoni, ndoano inachungulia nje ya mkoba.

Kabla ya kufika nikamsimamisha bodaboda, nikaingia nyuma ya mikorosho, nikageuza fulana ndani nje. Hiyo ndiyo akili niliyoitumia.

Mama mkwe wa Saida anaitwa Bi Mwajuma. Nilimkuta anapeta mchele barazani.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu, karibu. Watokea wapi na jua hili na kitoto mgongoni?"

Nilikuwa nimejiandaa kusema mimi ni jirani wa Saida. Ilikuwa kweli na ilikuwa inatosha. Lakini kabla sijafungua mdomo macho yake yakashuka kwenye ndoano, uso ukamng'aa, akasema, "Aa! Wa kliniki weye?"

Nikasema, "Ndiyo bibi."

Neno moja tu. Nilijiambia nitampima Hamisi, nimwite Saida pembeni, tupange, niondoke, nani atajua? Bi Mwajuma aliweka ungo chini, akasimama uani, akapaza sauti ambayo sikujua mwili ule unayo: "Wa kliniki kaja hadi mlangoni! Leteni watoto!"

Jamani, walikuja. Waliokuwa shamba wakaja na majembe, waliokuwa jikoni wakaja na moshi kichwani. Mzani ukaning'inizwa kwenye boriti ya banda la jiko, Eliya akapokelewa na mama mmoja akapewa kipande cha muhogo, kanga niliyombebea ikafungwa fundo ikawa ya kupimia. Bibi mwingine akataka dawa ya magoti. Mama mmoja akaleta kadi nimwandikie, nikasema kalamu imeisha wino (kalamu ilikuwa sikioni kwangu). Na kila mtoto niliyemning'iniza, mshale unakwenda mbele kwa furaha, mama anapiga kigelegele, "Mwanangu kaongezeka!" Jasho linanitoka, na mimi natabasamu kama mgombea udiwani.

Saida akatoka ndani na Hamisi. Aliponiona akasimama kama kaona maiti inatembea. Nikamkonyeza. Akainamisha uso. Midomo ya Hamisi ilikuwa na ule weusi-bluu ninaoujua, na kumpandisha tu kwenye kanga alihema kama aliyepanda mlima.

Mshale ukaenda, ukaenda, ukasimama pale wanaposimama watoto wazima.

Uwanja mzima ukapiga vigelegele. Bi Mwajuma akapiga makofi, machozi yanamtoka, machozi ya kweli, akamgeukia Saida: "Nilisema mimi! Nilisema akija kula uji wa bibi yake atarudisha mwili! Moyo moyo, moyo gani wenye kilo hizi? Wa kliniki mwenyewe kashuhudia. Hiyo safari ya Alhamisi imekufa, hakuna wa kumpasua kifua mjukuu wangu."

Nilikuwa nimetoka Kibaha kuja kumtoa mtoto huyu aende hospitali, na sasa mimi, kwa mkono wangu, mbele ya kijiji kizima, ndiye niliyemzuia. Ningenyamaza, ningeondoka pale na heshima zangu zote na soda juu. Saida akaniinulia macho.

"Bibi," nikasema, "huo mzani ni mbovu."

"Mbovu vipi, na ushapima watoto wa watu wote?"

"Ni wa maharage."

"Wa nini?"

"Wa maharage. Wa kanisani. Na mimi si wa kliniki."

Mama mmoja akavuta mwanawe kwa nguvu, mwingine akaninyooshea kidole: "Hebu mtazameni fulana yake! Kaivaa ndani nje! Mtu mwema anavaa hivyo mchana?" Na sauti nyingine kutoka nyuma, ile ambayo kila mkusanyiko unayo: "Mwizi wa watoto huyo! Kaja kuchagua walionona!"

Mnacheka. Mimi sikucheka. Neno hilo likishatoka halirudi, na watu wameuawa kwa hilo. Mkoba ukanyakuliwa. Nikageuka kumtafuta Eliya, na yule mama aliyempokea alikuwa amerudi nyuma naye, kamkumbatia, anawaambia wenzake, "Na huyu je, kamwiba wapi? Hawafanani hata!" (Kweli hatufanani, kafanana na baba yake, hata kuzaa nimefanyiwa dhuluma.) Eliya akaanza kulia akininyooshea mikono na yule mama hamwachii.

Hapo akili iliondoka yote. Nilipiga kelele mpaka koo likauma, "Nipeni mwanangu! Kama nimemwiba mleteni anyonye tuone!" na palepale, mimi mhudumu wa kanisa, nikapandisha fulana, nikatoa ziwa hadharani, maziwa yanachuruzika yenyewe kwa kilio cha mtoto. Na nani anaingia uani sekunde hiyo? Mwenyekiti wa kitongoji, mzee wa kanzu na fimbo, akaniona, akageukia ukuta, akaongea na ukuta: "Mpeni mtoto wake. Mpeni upesi, na ajisitiri."

Nikapewa. Eliya akanyonya huku akinikwaruza kwa hasira.

Mwenyekiti akaniuliza nani kanituma, nikampa namba ya katibu. Akapiga, akaweka sauti ya simu juu wote wasikie. Akajieleza vizuri tu, akauliza kama wana mtu wao Mzenga. Na katibu wetu, yule wa tumia akili, akakohoa kidogo akasema: "Hapana mzee. Mtu wetu leo yuko kwenye kugawa maharage. Huko hatujatuma mtu." Akakata.

Naandika hivi nasaga meno.

Aliyeniokoa ni Saida. Akapiga magoti mbele ya mama mkwe wake, "Mama, huyu namjua. Ni jirani yangu Sofu. Ndiye aliyehangaikia karatasi za Hamisi. Alipokuja nilinyamaza kwa sababu niliogopa. Lakini mtoto hajapona, mama. Usiku nahesabu anavyohema."

Bi Mwajuma akanisogelea mimi mpaka nikasikia harufu ya pumba za mchele mikononi mwake.

"Kwa hiyo wataka nikupe mjukuu wangu uondoke naye."

"Ndiyo bibi, Alhamisi, hospitali ya..."

"Sawa. Wa kwako mwache hapa. Mkirudi na wangu, utamkuta."

Nikamkaza Eliya kifuani. Sikufikiri hata kidogo. "Siwezi."

"Kwa nini?"

"Bibi, mimi sikujui."

"Haya," akasema. "Na mimi?"

Nilianza kulia, kilio kile cha kamasi, na ndipo nikajitambulisha kama nilivyopaswa kujitambulisha tangu barazani: naitwa nani, natoka kanisa gani, nimekuja kwa ajili ya nani, na kwamba niliambiwa watu wa kanisa hawapokelewi hapa.

"Nani kakwambia?" akafoka. "Pale jirani ni Mama Kristina, tunazikana mwaka wa ngapi huu! Weye ungesema nimetoka kanisani, ungekunywa uji, ungesema shida yako, ningekubishia, tungebishana kama watu wazima. Sasa umenichezea. Umenifanya nishangilie mbele za watu mtoto mgonjwa." Sauti ikamkatika hapo. Akajifuta kwa upande wa kanga. "Babu yake huyu aliingia hospitali kwa miguu, tukarudishiwa amelala. Nikiogopa naogopa kwa sababu. Weye wa maharage huijui."

Nilikuwa siijui kweli. Sikuwa nimeuliza.

Kisha akasema, bila kumtazama mtu, "Nitampeleka mwenyewe. Saida, funga mizigo. Na weye wa maharage utatangulia mbele, macho yangu yakuone. Ila kwanza hiyo fulana igeuze. Sitaki kutembea na mchawi."

Mama Kristina, kumbe naye alikuwa hapohapo uani, akanishikia kanga nikageuza fulana, msalaba ukatoka nje, watu wakacheka, na kicheko hicho kwa mara ya kwanza hakikuniuma.

Alhamisi tulikuwa hospitali. Muuguzi akamweka Hamisi kwenye mzani wa kweli. Bi Mwajuma alitazama namba, akanitazama mimi, akatazama namba tena, akakaa chini taratibu. Daktari alisema tungechelewa zaidi angekuwa na maneno mengine ya kutuambia. Hamisi alilazwa, akafanyiwa upasuaji, na bibi yake alilala chini ya kitanda chake siku zote, akigombana na kila muuguzi. Sasa hivi Hamisi anatambaa, na akimkuta Eliya anamng'ata.

Katibu nilimsemea mbele ya kamati nzima, neno kwa neno alivyosema kwenye simu. Akasema alitaka kulinda jina la kanisa. Nikamwambia jina la kanisa siku hiyo lilikuwa mgongoni kwangu, ndani nje, kwa ushauri wake.

Juzi Saida karudi kutoka Mzenga na kiroba cha muhogo. "Mama kasema mpe wa maharage, ila asiupime."

Nimeula bila kuupima. Na nikifika mlango wa mtu siku hizi, kabla sijaketi, kabla sijapokea hata maji, nasema jina langu, kanisa langu na kilichonileta, hata asiyeuliza namwambia. Anayetaka kunifukuza anifukuze ninavyoonekana. Uongo wa neno moja sirudii tena, maana yule bibi aliniuliza, "Na mimi?" na mpaka leo sijampa jibu.