Ukurasa Uliokwenda na Karanga

Mwaka ule mshahara wa walimu ulikuwa hadithi tu. Bwana yangu alifundisha fizikia katika sekondari moja hapa Likasi, na nyumbani tulikula sombe, majani ya muhogo, mpaka watoto wakanuna. Siku moja, yeye akiwa kazini, nikakuta lundo la karatasi chini ya kitanda. Nikadhani ni mitihani ya zamani. Nikampelekea mama muuza karanga sokoni, maana karatasi za kufungia zilikuwa adimu, naye akanipa unga.

Kumbe ilikuwa tasnifu ya bwana yangu, kazi ya miaka saba! Jumatatu alitakiwa kuitetea Lubumbashi mbele ya maprofesa. Aliporudi mchana kutoka shuleni aliinama, akachungulia chini ya kitanda, akakaa. Hakunigombeza. Heri angenigombeza; nikalia kwa sauti.

Nikakimbia sokoni. "Weye mama, si uliniuzishia weye mwenyewe!" muuza karanga akacheka, lakini akanirudishia zilizobaki. Mpaka jioni niliwafuata watafunaji, nikiwamwagia karanga zao viganjani na kuwapokonya karatasi. Watu walisema nimerukwa na akili. Zikapatikana zote, na mafuta yake, isipokuwa ukurasa wa thelathini na moja.

"Iko na nini ule ukurasa?" nikamuuliza bwana yangu.

"Ule njo iko na sababu. Zingine zote zinangojea ule."

Sababu ya nini? Akasema kuna aina ya heliamu ambayo, ikikandamizwa kwenye baridi ya mwisho kabisa, ukiipasha moto kidogo inaganda. Aa! Nikamwambia aache uongo, mimi napika kila siku.

Basi akanieleza. Kwenye baridi ile, atomi zake zikiwa majimaji, hakuna mbili zinazokubali kuwa katika hali moja, kwa hiyo zinajipanga. Zikiganda, kila moja inakaa mahali pake lakini inageukia upande inaotaka. Fujo kubwa iko kwenye kigumu, na joto hupenda fujo.

"Ndiyo maana ukiipasha inaganda," nikasema.

"Andika hivyohivyo."

Utepe wa mashine ya kuandikia ulishakauka, na mwandiko wake, Mungu anisamehe, haukusomeka. Mimi nilisoma shule ya misheni ya Mulungwishi, nina mkono mzuri. Nikaandika, akaongeza hesabu.

Lubumbashi nilikaa nyuma kabisa, roho mkononi. Profesa mmoja akainua ukurasa ule safi kati ya zile za mafuta, akasema huo peke yake ndio alioelewa bila kurudia. Akauliza umeandikwa na nani.

"Ni bibi yangu," bwana yangu akajibu, akininyooshea kidole kule nyuma bila hata haya. "Ule wa kwanza aliuuzisha."