Mawese kwenye mrija

Pikipiki ya Mwalimu ni ya zamani, ina kabureta mbili, na zisipovuta hewa sawasawa injini inatetemeka. Jana, mimi fundi na mdomo wangu, nilimwapia mbele ya watu kwamba asubuhi atampeleka mkewe Nyanza-Lac kwenye harusi ya binti yao.

Kipimo changu ni mrija wa plastiki wenye oili, ncha moja kwa kila kabureta. Oili ikipanda upande mmoja, upande huo unavuta zaidi. Oili iliniishia, basi usiku nikamimina mawese ya jikoni, yakiwa bado ya moto.

Alfajiri mvua ikanyesha, Rumonge yote ikapoa. Nikawasha injini. Mawese yakawa sawa pande zote! Nikageuza skrubu ya kabureta, hayakusogea. Nikaigeuza tena, bado sawa.

“Mwalimu, iko sawa kabisa,” nikasema, na injini inakohoa, inaruka kama mbuzi.

Mkewe, muuza mawese wa sokoni, akasogea na kitenge chake cha harusi. Akauchomoa mrija, akaugeuza juu chini mbele ya wateja wangu wote. Halikudondoka hata tone.

“Fundi, mawese imeganda hii. Ulikuwa unapima nini?”