Vibuyu Viwili kutoka Migwani

Nzilani alikuwa na pua isiyolala. Miaka ile mumewe Nzuki alipokuwa mlevi wa kujulikana soko zima la Kalamba, alizoea kumnusa kabla ya kumsalimu. Hata Nzuki alipookoka, pua ilikataa kustaafu. Kila Alhamisi akitoka kwenye ushirika wa waliookoka nyumbani kwa Ndolo, fundi wa baiskeli ambaye zamani walikuwa wakibebana kutoka kilabuni, Nzuki alisimama mlangoni pake, akainama na kumpumulia mkewe usoni.

"Haa!"

"Chai," Nzilani alisema. "Ingia."

Mwaka wa 1974 watu wa Migwani wakatuma neno. Walikuwa wanaleta mbuzi wa ntheo kwa ajili ya kijana wao, ndiyo mwanzo wa kumposa Kasyoka, binti ya Nzilani na Nzuki. Nzilani alipiga vigelegele, kisha akavikatiza katikati. Mbuzi hao huja na kaluvu, pombe ya asali, na baba wa binti ndiye hupewa kunywa pembe ya kwanza. Akikataa, wageni watasema amewakataa wao. Akinywa je?

"Utafanya nini wakikupa pembe?" alimuuliza Nzuki wakipukuchua mbaazi.

"Sijui, mama Kasyoka."

Jibu hilo lilimtisha zaidi. Angalau zamani alikuwa anajua kudanganya. Akaenda mbio kwa Ndolo.

"Ndugu, siku hiyo usimwache hata kidogo."

"Nitamng'ang'ania kama kupe," Ndolo akasema.

Siku ikafika. Mbuzi wakafungwa uani, salamu zikaisha, kisha Mutie, baba wa kijana, akaashiria. Vikaingia vibuyu. Viwili! Harufu ikajaa nyumba nzima. Nzilani, akiwa mlangoni na birika la chai, alikiona kidole cha mumewe kikigonga goti, vilevile kama zamani. Ndolo alikuwa amembana Nzuki hata ungedhani wamevaa suruali moja.

Mutie akajaza pembe, akaitoa kwa mikono miwili. Nzuki akaipokea, akaitazama. Ilikuwa imejaa hadi ukingoni, pombe ikamwagikia mkono wa shati.

"Mkwe," Nzuki akasema, "mbuzi nimewapokea. Kijana wenu nimempokea kwa moyo wote. Lakini nikinywa hii sitaishia hapa, najijua. Nilikuwa nauza mizinga yangu ya nyuki ili ninywe asali ya watu wengine. Bwana ameniokoa, na ndugu kama huyu Ndolo wananishikilia. Msiniite mwenye dharau. Hii pembe inanishinda."

Akaiweka chini. Ndolo akaukamata ule mkono uliolowa.

Mutie akatoa kitambaa, akajipangusa jasho usoni na shingoni.

"Bwana asifiwe!" akapaza sauti.

"Ati nini?" Nzuki akashtuka.

"Mimi ni mzee wa kanisa! Vibuyu hivi nimevipitisha kichakani nikimkwepa mchungaji wangu. Tuliambiwa kwa Nzuki wa Kalamba, ukienda na kibuyu kimoja hupewi msichana!"

Kicheko kilichotoka hapo kiliwatimua kuku uani. Mzee Ndululu, mjomba wa Nzuki, peke yake ndiye hakucheka.

"Kwa hivyo mmeokoka nyote? Mmeniacha duniani peke yangu?" akauliza. "Haya, leteni mzigo wenu niubebe."

Akaondoka na vibuyu vyote viwili, kimoja kila kwapa. Nzilani akamimina chai kwenye kikombe kikubwa. Nzuki akaonja, Mutie akaonja, posa ikawa imekubalika, na Ndolo akaanzisha wimbo wa sifa kwa sauti ya juu mno hata ikabidi wote wamsaidie.

Jioni, baada ya kuwasindikiza wageni, Nzuki alisimama mlangoni kama kawaida.

"Haa!"

Nzilani akanusa. Nyama ya mbuzi, tangawizi, na kaluvu. Kaluvu kabisa. Akautazama mkono wa shati, umekauka na kukakamaa kwa asali.

"Vua hilo shati nilifue," akasema. "Na Alhamisi unisubiri. Nataka kwenda nawe kwa Ndolo."

"Kuninusa huko?"

"Kuimba. Yule ndugu yenu anawaharibia wimbo."