Nilisema masale yamejiotea, uwanja wa Ngarenaro ukaenda

Wakuu, salamu. Na nyie mtakaoniandikia shikamoo hapo chini, marahaba kabisa, msirudie mara kumi.

Ninachoandika sikusimuliwa. Nilikuwepo, tena mkosaji ni mimi.

Enzi za Mwingereza nilikuwa fundi mwashi Ngarenaro. Shule niliacha darasa la pili, lakini nyumba yangu ya mawe niliisimamisha kabla sijaoa. Wenzangu wenye vyeti walikuwa wamepanga. Hilo nalisema makusudi.

Palikuwa na uwanja wazi. Upande mmoja mama zetu wa Kimeru waliteremka na ndizi kutoka mlimani, wakauzia hapo. Upande wa pili Waislamu wa mtaani walisoma maulidi na kuozesha watoto wao. Katikati walipanda mstari wa masale, kwa makubaliano.

Kwa asiyejua: kwetu isale, ule mmea wa majani marefu, ni mpaka. Na ukimpelekea mtu jani lake lililofungwa fundo, unaomba yaishe, naye hakatai. Hata kama ni damu.

Akaja tajiri mmoja, anataka kujenga maduka. Akaniahidi kazi yote, msingi mpaka bati. Kontrakta mimi. Nikanunua kofia.

Bwana shauri, yule ofisa wa Kiingereza, akaja kukagua. Akasimama penye masale, akaniuliza mimi kwa kuwa ndimi Mmeru niliyekuwa karibu, "Haya nani amepanda?"

"Yamejiotea tu, bwana."

Wakuu, isale halijipangi mstari. Lakini aliandika kwamba uwanja hauna mwenyewe. Watu walipokwenda kulalamika wakaambiwa, fundi mwenzenu ameshasema.

Siku ya kumwaga msingi akaja Mama Eliamani, muuza ndizi aliyenilisha nilipokuwa sina kitu. Hakupiga kelele. Alininyooshea jani la isale lenye fundo.

"Mwanangu, sijui tulikukosea nini. Pokea, kisha urudi ukamwambie bwana shauri ukweli."

"Mama, huoni mikono ina zege?"

Mzee Juma, fundi cherehani wa pale, akasema, "Muache, mama. Kofia imeshamla kichwa huyo."

Watu wakacheka, nami hasira ikanipanda. Mama akaliweka jani juu ya mchanga, akaondoka. Nikalizoa kwa koleo, likaingia kwenye zege. Limo humo mpaka leo.

Maduka yakaisha. Maulidi yakahamia uchochoroni. Mama zetu wakawa wanafukuzwa kila baraza.

Siku moja nikamkuta Mama Eliamani amekaa ukingoni mwa mtaro na mikungu yake. Nikaenda kukata isale, nikafunga fundo, nikampelekea.

Mikono yake ilikuwa na utomvu wa ndizi. Akaifuta kwanza kwenye khanga, akapokea kabla sijafungua mdomo.

"Yameisha, baba."

Halafu akauliza, kwa upole tu, "Sasa kesho ndizi niziweke wapi?"

Nimejenga majumba mengi tangu hapo. Swali lile sijalijibu.

Nilichojifunza ni hiki: msamaha unaweza kuupata, uwanja haurudi. Wakija mtaani kwenu na ramani wakakuuliza hapa ni pa nani, sema unachokijua, hata kama kazi utaikosa.

Mwenye habari ya uwanja wa kwao ulivyokwenda aandike. Anayetaka kunisema naye aseme. Nasoma polepole, lakini nasoma yote.