Tiketi ya Mtu wa Pili

Kwa miaka minane mhudumu wa vyumba alifanya kazi kwenye meli ya watalii, na mama yake hakuwahi kuipanda hata siku moja. Bibi mmoja mjane, mkunga mstaafu, alisafiri nayo kila mwaka. Alipotimiza safari ya kumi, kampuni ikamzawadia tiketi ya mtu wa pili, bure.

"Mwanangu, mimi sina wa kumleta," alimwambia mhudumu. "Mama yako anapenda maongezi?"

"Bibi, akianza hanyamazi!"

"Basi huyo huyo."

Safari iliyofuata mhudumu aligonga mlango wao asubuhi, akawakuta barazani wanacheka kama waliokua pamoja. Alisimama na mashuka mikononi, moyo mweupe, asijue kazi aanzie wapi.